Mwanzo wa Kupiga Gitaa

Mimi ni mwalimu katika chuo cha kufundishia waalimu, na umri wangu wapata miaka arobaini. Jioni hii sikuja kuwafundisha hesabu wala sarufi. Nimekuja kuwaeleza jinsi mtu asiyejua kitu aanzavyo kujifunza gitaa kavu, yaani lile lisilotaka umeme, lenye nyuzi sita na tumbo la mbao. Wala sisemi kama fundi. Nasema kama mtu aliyeanza juzi, ambaye maumivu ya vidole hajayasahau.

Yafaa niwaambie kwanza kwa nini nimelichagua jambo hili. Sababu yake ni kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na kijana mmoja chuoni petu. Jina lake silitaji. Alikuja na gitaa la zamani alilopewa na mjomba wake, na kila jioni baada ya chakula aliketi nyuma ya bweni akijaribu kulipiga. Sauti iliyotoka ilikuwa mbaya kweli kweli. Wenzake walimcheka, lakini yeye hakukoma. Basi zamu yangu ya kuangalia mabweni ilipofika, nilimwendea nikamwambia mbele ya wenzake, "Mwanangu, kila mtu ana kipawa chake. Cha kwako si muziki. Shika vitabu." Akainama akanijibu, "Ndiyo, Mwalimu." Tangu siku ile gitaa lile halikusikika tena, nami nikaona nimefanya vema, nimempunguzia kijana kazi ya bure.

Miaka miwili iliyopita kinanda chetu cha kuimbishia kiliharibika, na gharama ya kukitengeneza ilikuwa kubwa. Mwenzangu mmoja akasema kwamba gitaa ni chombo cha bei nafuu, tena lachukulika begani, na mwalimu wa watoto angeweza kwenda nalo hata chini ya mwembe. Nikalipenda shauri lile. Nikaenda mjini, nikanunua gitaa jipya, na kitabu kidogo chenye picha za vidole.

Kwa muda wa majuma matatu nilikaa na gitaa lile chumbani, mlango nimeufunga. Niliweka vidole kama picha zilivyoonyesha, nikapitisha mkono juu ya nyuzi, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya nyuma ya bweni. Ncha za vidole ziliniuma hata nikashindwa kushika chaki. Mwisho nikasema moyoni, "Nami pia sina kipawa." Nikalifunga gitaa katika shuka, nikalipeleka kwa mzee mmoja seremala, ambaye ujanani alikuwa akipiga katika bendi za dansi. Nilitaka anitafutie mtu wa kulinunua.

Mzee alilipokea, akalipakata, akadonoa nyuzi zote sita mara moja tu. Hakuitazama mikono yangu, wala hakuniuliza nimejifunza nini. Akasema, "Mwalimu, gitaa hili halijalinganishwa. Hapana mtu awezaye kuimba nalo." Kisha akalitazama kwa ubavu, akapima mwanya kati ya nyuzi na shingo, akasema, "Tena nyuzi zimekaa juu mno. Ndiyo maana vidole vyakuuma." Akazilegeza nyuzi, akakitoa kile kipande cha mfupa zinachokalia, akakisugua msasa upande wa chini, akakirudisha. Akazikaza nyuzi tena, akazilinganisha moja moja, akanirudishia. "Haya, weka vidole vyako kama ulivyokuwa ukiviweka."

Nikaviweka. Nikapitisha mkono. Ndugu zangu, ilitoka sauti ya gitaa! Vidole vilikuwa vile vile, na mtu alikuwa yule yule mwenye mikono mizito. Kilichobadilika ni chombo. Nilikaa kimya kwa kitambo, si kwa furaha peke yake, maana wakati ule ule nilimkumbuka yule kijana. Nalimhukumu kwa masikio yangu, wala sikulishika gitaa lake hata mara moja kulitazama.

Basi haya nitakayoeleza sasa ni yale ambayo ningalipaswa kumwambia kijana yule jioni ile.

Jambo la kwanza ni kukijua chombo chenyewe. Gitaa lina kichwa, shingo na tumbo. Kichwani mna funguo sita za kukaza na kulegeza nyuzi. Shingo inapokutana na kichwa pana kipande kidogo cha mfupa chenye mifuo sita, nami nitakiita kizingiti, kwa kuwa kila uzi hupita juu yake kuingia shingoni. Juu ya shingo vimelazwa vipande vyembamba vya madini, kimoja baada ya kimoja, kama vipago vya ngazi. Juu ya tumbo pana tundu la kutolea sauti, na nyuma ya tundu pana kipande cha mbao kilichogundishwa, kiitwacho daraja, chenye kikalio cha mfupa ambapo nyuzi hukalia.

Ninyi wanafunzi mnaopenda hesabu, chukueni rula mpime. Kutoka kizingiti mpaka kipago cha 12, na kutoka kipago cha 12 mpaka kikalio, ni umbali karibu sawa. Ukiubonyeza uzi hapo umeukata nusu, na sauti yake hupanda kutoka do ya chini mpaka do ya juu. Aghalabu urefu wa uzi ni sentimita 65, na kipago cha kwanza kiko yapata sentimita 3.6 kutoka kizingiti, yaani kama sehemu moja ya kumi na nane. Kila kipago kifuatacho huondoa sehemu moja ya kumi na nane ya urefu uliobaki. Ndiyo sababu vipago hukaribiana kadiri viendavyo kwenye tumbo. Basi mwenye kulifanya gitaa alipaswa kupiga hesabu kabla hajashika msumeno.

Umbo la gitaa la nyuzi laini lifuatwalo hata leo latokana kwa sehemu kubwa na kazi ya fundi mmoja wa Uhispania, Antonio de Torres, aliyezaliwa mwaka 1817 akafa mwaka 1892. Wakati wake nyuzi nyembamba zilifanywa kwa utumbo wa wanyama. Katika miaka ya 1940 zilianza kutumika nyuzi za nailoni mahali pake. Magitaa mengine hutiwa nyuzi za chuma, nayo hujengwa kwa mbao zenye mihimili imara zaidi ndani. Shikeni sana tofauti hii. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, kama kwamba mtu mzima ananing'inia juu ya shingo ya gitaa mchana na usiku. Nyuzi za nailoni huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Kwa hiyo usitie kamwe nyuzi za chuma katika gitaa lililojengwa kwa nyuzi laini. Daraja litabanduka, tumbo litafura, na nyuzi zitapanda juu mpaka hapana kidole kiwezacho kuzibonyeza. Wala usiliache gitaa juani wala ndani ya gari lililofungwa, kwa maana joto hulainisha gundi.

Ukitaka kununua, usitazame rangi wala mapambo. Lielekeze gitaa kwenye jicho lako kama mtu atazamavyo unyofu wa ubao, uone kama shingo imenyoka. Kisha tazama mwanya kati ya nyuzi na kipago cha 12. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2 au 3 zatosha. La nyuzi laini laweza kuzidi kidogo. Ukiona milimita 5 au 6, liache, au lipeleke kwa fundi kwanza. Mwisho, bonyeza kila uzi katika kila kipago, ukisikiliza kama pana mahali palipokufa sauti au panaponguruma.

Jambo la pili ni kulinganisha nyuzi. Gitaa likiwa limepakatwa, uzi mwembamba kabisa ulio chini huitwa wa kwanza, na mnene kabisa ulio juu huitwa wa sita. Ninyi mliojifunza do re mi shuleni mna faida, kwa maana kutoka wa sita mpaka wa kwanza nyuzi zasema: mi, la, re, so, ti, mi. Vitabu vya gitaa huziandika kwa herufi, E, A, D, G, B, E.

Anza na uzi wa tano, la. Katika mkutano uliofanyika London mwaka 1939 ilikubaliwa kwamba la ya katikati iwe na mitikisiko 440 kwa sekunde moja. La ya uzi wa tano ni ya chini yake mara mbili, yaani mitikisiko 110. Waweza kuipata kwa kinanda, au kwa filimbi ya kulinganishia. Siku hizi hata simu ya mkononi yaweza kukuonyesha kama uzi umepanda mno au umeshuka. Tumia msaada huo bila haya, lakini usiache kulifundisha sikio lako, kwa sababu simu huzimika, na sikio unalo daima.

Uzi wa tano ukiisha kuwa sawa, bonyeza wa sita katika kipago cha 5, udonoe, kisha udonoe wa tano mtupu. Sauti zao zapasa kuwa moja. Kama si moja, geuza ufunguo wa wa sita polepole. Kisha bonyeza wa tano katika kipago cha 5, upate sauti ya wa nne. Bonyeza wa nne katika kipago cha 5, upate sauti ya wa tatu. Hapa ngoja. Wa tatu hubonyezwa katika kipago cha 4, si cha 5, ili kuipata sauti ya wa pili. Kisha wa pili katika kipago cha 5 hutoa sauti ya wa kwanza. Mimi nililisahau neno hilo la kipago cha 4 siku nyingi, na kila nilipomaliza kulinganisha, nyuzi mbili za chini zilikuwa hazipatani na wenzao.

Utajuaje kwamba sauti mbili zimekuwa moja? Sikiliza wimbi. Nyuzi mbili zikikaribiana bila kulingana, utasikia sauti inapungua na kuzidi, inapungua na kuzidi, kama mtu anayefungua na kufumba kiganja mbele ya mdomo akiimba. Kadiri unavyokaribia, wimbi hupunguza mwendo. Likitulia kabisa, umefika. Alipokwisha kunionyesha hayo, mzee wangu alinikataza nisipige wimbo wowote kwa muda wa siku tatu. Nililegeza nyuzi na kuzilinganisha tena, asubuhi na jioni. Nilinung'unika, lakini baada ya siku tatu hapakuwa tena na siku niliyopiga gitaa baya bila kujua kwamba ni baya.

Jambo la tatu ni mikono. Keti juu ya kiti kisicho na mikono, ulipakate gitaa juu ya paja la kuume. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kikae nyuma ya shingo, wala usiikumbatie shingo kama mpini wa jembe. Kata kucha za mkono huo. Vidole vipinde, vibonyeze kwa ncha, ili kila kidole kiguse uzi wake bila kuuzima wa jirani. Tena bonyeza karibu sana na kipago, upande wake wa kuelekea kichwani. Ukibonyeza mbali nacho utatumia nguvu nyingi, na uzi utanguruma. Wengi wanaolia kwa maumivu hutumia nguvu maradufu ya ile inayotakiwa. Jaribu hivi: bonyeza uzi kidogo tu, udonoe, uongeze nguvu taratibu mpaka sauti itoke safi. Hapo simama. Nguvu hiyo ndiyo kipimo chako.

Maumivu yenyewe yapo, wala sitawaficha. Ngozi ya vidole huchukua majuma mawili mpaka manne kuwa ngumu. Ndiyo maana mtu anayejifunza robo saa kila siku humshinda yule anayekaa saa tatu siku ya Jumamosi. Huyu wa Jumamosi huumia, hupumzika siku sita, na ngozi yake hulainika tena. Haba na haba hujaza kibaba. Ukiona ngozi inataka kuchubuka, weka gitaa chini mpaka kesho.

Jambo la nne ni mishiko. Mshiko ni kubonyeza nyuzi kadhaa kwa pamoja ili zitoe sauti zinazopatana. Kitabu changu kilikuwa na picha za mishiko zaidi ya mia, nami nilitaka kuijua yote. Mzee alikifunga kitabu akakiweka juu ya kabati. Akanipa mitatu tu: A, D na E. Nyimbo nyingi sana za watoto, na nyingi za magitaa katika Afrika ya Mashariki, hutosheka na mitatu hiyo. A ni kama nyumbani, ndipo wimbo uanzapo na ndipo urudipo. D ni kutoka matembezini. E ni kusimama mlangoni, sikio likitaka uingie ndani tena.

Sasa shikeni penseli, nitaeleza polepole. Mshiko wa E: kidole cha shahada katika uzi wa tatu, kipago cha 1, cha kati katika uzi wa tano, kipago cha 2, cha pete katika uzi wa nne, kipago cha 2. Piga nyuzi zote sita. Mshiko wa A: vidole vitatu vyote katika kipago cha 2, cha kati katika uzi wa nne, cha shahada katika uzi wa tatu, cha pete katika uzi wa pili. Piga kutoka uzi wa tano kwenda chini. Mshiko wa D: shahada katika uzi wa tatu, kipago cha 2, cha kati katika uzi wa kwanza, kipago cha 2, cha pete katika uzi wa pili, kipago cha 3. Piga kutoka uzi wa nne kwenda chini.

Je, mmetambua kitu? Katika mishiko yote mitatu, kidole cha shahada kimekaa katika uzi wa tatu. Kutoka E kwenda A chateleza kutoka kipago cha 1 mpaka cha 2. Kutoka A kwenda D hakitoki kabisa. Na kutoka A kwenda D kidole cha pete nacho hubaki katika uzi wa pili, kikisogea kipago kimoja tu. Mimi kwa majuma matatu nilikuwa nikiviinua vidole vyote hewani kila nilipobadili mshiko, kama kuku walioshtuliwa, kisha nikivitafutia mahali upya. Kidole kimoja kikibaki mahali pake, vingine hujua njia. Siri ya mwanzo si mshiko wenyewe, bali ni njia ya kutoka mshiko mmoja kwenda mwingine.

Basi fanyeni hivi kila siku. Tazama saa. Kwa dakika moja badili kutoka A kwenda D na kurudi, ukihesabu mabadiliko yaliyotoa sauti safi. Andika hesabu katika daftari. Kesho fanya tena. Siku ya kwanza nilipata 7. Mwisho wa mwezi nilipata 26. Hapana mtu aliyenisifu, lakini daftari lilinionyesha kwamba nasogea, na hilo lilinitosha.

Jambo la tano ni mkono wa kuume. Kwanza usijishughulishe na madoido. Piga chini kwa kidole gumba, moja, mbili, tatu, nne, na mguu ukigonga sakafu. Sharti ni moja: mkono wa kuume usisimame kwa sababu yoyote. Mkono wa kushoto ukichelewa, uache uchelewe. Wa kuume uendelee. Wachezaji wa ngoma hawamsubiri mpigaji anayetafuta vidole vyake. Kama huwezi kufuata, punguza mwendo wa wimbo mzima mpaka uweze.

Baadaye utaweza kudonoa. Usidhani kwamba yahitaji vidole vyote. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa katika nchi ya Kongo mwaka 1930, alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, gumba na shahada. Gumba lilishika nyuzi nene kama mtu apigaye ngoma, na shahada iliimba juu yake. Hugh Tracey alizinasa sauti zake mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao sasa waitwa Likasi, na nyimbo zake za Kiswahili cha Kongo zikasikika mbali sana. Nasi huku twamkumbuka Fundi Konde wa pwani ya Kenya, aliyezaliwa mwaka 1924 akafa mwaka 2000, ambaye gitaa lake na sauti yake tulizisikia kwa redio. Watafuteni, muwasikilize kwa makini. Kusikiliza nako ni kujifunza.

Tena nawaonya juu ya mshiko wa F. Katika huo kidole cha shahada hulala na kubonyeza nyuzi zaidi ya moja, na mara nyingi zote sita. Utauona mapema katika vitabu, na wengi huliacha gitaa hapo. Uruke kwa sasa. Utaurudia baada ya miezi kadhaa, mkono ukiwa na nguvu, na hautakuwa simba uliyemdhani.

Nimemaliza mafunzo. Nataka kumaliza na habari ya yule kijana.

Likizo ya mwaka jana nilipanda basi kwenda katika kijiji anakofundisha. Alinipokea kwa furaha, "Shikamoo, Mwalimu," kana kwamba sikumkosea. Nilipoingia nyumbani kwake nililiona gitaa lile ukutani, limebaki na nyuzi tatu zenye kutu. Nikamwambia, "Nimekuja kwa ajili ya hilo." Nikamweleza habari za seremala, na za majuma yangu matatu ya mlango uliofungwa, nikamwomba radhi. Alinyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilijua kwamba umesema kweli. Tangu siku ile, hata watoto wakiimba darasani, mimi huwa nawapigia makofi tu. Siimbi." Neno lile liliniingia kuliko kama angalinitukana.

Tulilishusha gitaa. Nilipitisha penseli chini ya nyuzi katika kipago cha 12, ikapita bila kugusa. Daraja lilikuwa limebanduka upande mmoja. Lilikuwa gitaa la nyuzi laini, nalo lilitiwa nyuzi za chuma, sijui na nani, kabla hajapewa. Hapana mtu ambaye angaliweza kulipiga, hata mzee wangu seremala. Nikarudi nalo. Mzee akaligundisha daraja upya, akatia nyuzi za nailoni, akasema, "Si gitaa zuri, lakini lapigika." Nikalituma pamoja na karatasi yenye mishiko mitatu.

Sisemi kwamba kijana huyu atakuwa Fundi Konde. Huenda sivyo, kama mimi nami sivyo. Nasema tu kwamba nilimfungia mlango kabla hajaujaribu, tena nilikuwa mwalimu wake. Basi ninyi waalimu wenzangu, nanyi wazazi, mtoto akishindwa, tazameni kwanza chombo alichopewa, na njia aliyoonyeshwa, kabla hamjanena juu ya kipawa. Nanyi vijana mnaoanza, sauti mbaya ya juma la kwanza isiwatishe. Lilinganisheni gitaa, kidole cha shahada kisihame bure, andikeni hesabu katika daftari.

Mwezi uliopita nilipata ujumbe kutoka kijiji kile. Haukuwa na maneno mengi. Ulisema, "Mwalimu, leo nimebadili mara 19 kwa dakika moja. Watoto wanaimba, nami naimba."